Redio ya Mzee wa Nyabiyonza

Juzi, kwenye ofisi ya vifurushi mjini Kayanga, nilimkuta mzee mmoja kutoka kijiji cha Nyabiyonza akifungua redio ya kaseti aliyoagiziwa mtandaoni na binti yake. Muuzaji aliitia kwenye mfuko wa nailoni tu, nayo ilifika imepasuka.

“Pole, mzee,” karani alisema. “Watakurudishia hela.”

Mzee akatoa kaseti mfukoni, akaipangusa kwa kidole gumba. “Humu marehemu mke wangu anaimba na kwaya. Ni miaka sasa sijamsikia.”

Karani akavuta fomu ya marejesho. Mzee akauliza taratibu, “Nyingine itachukua siku ngapi?”

Jamani wauzaji, kama maboksi ni ghali, zifungeni redio hata kwa gazeti hili. Safu yangu haitaona haya kukunjwa kwa ajili ya sauti ya mke wa mtu.