Baba wa Ubatizo Niliyemkataa kwa Ajili ya Chama

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, kesho yake kifungua mimba wetu, Désiré, angebatizwa. Baba yake wa ubatizo tulikuwa tumekwisha kumchagua: Anaclet, rafiki yangu wa kiwandani, niliyekula naye bukari, ugali wetu wa huku, sahani moja tangu tuajiriwe. Wazazi wake walikuja Likasi kutoka Kasai kutafuta kazi. Wangu ni watu wa hapa hapa Katanga. Hilo halikuwa kitu. Chama chetu chenyewe kilituandikisha wote wawili siku moja, kikisema mfanyakazi ni mfanyakazi, jasho halina kabila.

Lakini vyama navyo hubadilika, wala havipigi hodi. Chetu kiliposhindwa uchaguzi, wakubwa waliona hasira ina kura nyingi kuliko jasho. Wimbo ukabaki ule ule, bendera ile ile, maneno yakawa mengine: wenye nchi kwanza, waliokuja warudi kwao. Anaclet alirudisha kadi yake akaondoka. Mimi nilibaki. Nilikuwa kijana, nilipenda kupigiwa makofi.

Basi Jumamosi ile mwenyekiti wetu wa mtaa akanijia. Alisema mtu wa chama hawezi kumpa mtu wa kuja mtoto wake amshike kanisani. Angemshika yeye mwenyewe. Nikakubali. Sikuwa hata na uso wa kumwambia Anaclet. Nilimtuma mke wangu.

Mama yangu alikuwa jikoni anasonga bukari. Akaweka mwiko chini, akakifananisha chama na mpangaji:

"Weye, parti iko sawa muntu wa kulipa nyumba: kesho anahama. Mutoto atabakia na nani?"

Nikamcheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika polepole, kwa miaka.

Anaclet alihamia Kambove, hatukusalimiana tena. Ukaja uchaguzi mwingine, na mwingine. Chama kilipoona kura za wenyeji hazitoshi, kikawakumbuka wale wale kiliowatukana. Siku moja nikawaona wakubwa wangu jukwaani, pale Kikula, hapa hapa Likasi, wamekumbatiana nao, wanatuambia Katanga ni nyumba ya wote. Walisema kweli, lakini hakuna aliyeomba radhi. Mwenyekiti naye alikwisha kuvukia chama kingine, na kwa kuwa sikumfuata, akaacha kuitikia salamu zangu. Désiré alipooa mwaka jana, baba huyo wa ubatizo hakutia mguu arusini.

Kabla ya arusi hiyo nilikwenda Kambove kumwalika Anaclet. Nilimkuta amezeeka, kama mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku ya arusi alikuja, akakaa nyuma kabisa. Nilipomsogelea kumshukuru, akaniambia:

"Minye nimekuya juu ya mutoto. Hapana juu yako."

Nilistahili, mwanangu. Inaniuma mpaka leo.

Sikuambii uikimbie siasa. Jiunge na chama, piga kura, lakini kila uchaguzi sikiliza upya kinasema nini leo. Usiridhike na jina wala wimbo. Siku kitakapokuambia umchukie jirani, toka siku hiyo hiyo. Kiongozi akigeuza maneno hupata kura mpya. Wewe ukimpoteza rafiki, hakuna uchaguzi wa kumrudisha.

Mungu akupe masikio ya kusikia mapema. Akujalie rafiki wa kuzeeka naye, na siku utakapomwoza mwanao, rafiki huyo akae mbele, bega kwa bega nawe.