Usukani wa Baba

Baba yangu aliendesha lori la ndizi kutoka Masama kwenda Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mimi ni fundi wa magari mjini Moshi. Mwaka jana alikuja gereji akalalamika kwamba akifika spidi themanini usukani unatetemeka.

Nilikuta tairi la mbele limelika upande mmoja. Nikalibadilisha, nikabalansi magurudumu ya mbele, nikaliendesha lori mwenyewe hadi Boma Ng'ombe. Lori lilitulia. Wiki iliyofuata akarudi na malalamiko yaleyale. Nikabadilisha bolijointi, kile kiungo kinachoshika gurudumu la mbele, nikakagua kila kitu upya, na bado akarudi.

Safari hii nikamwomba aendeshe yeye, mimi nikae pembeni yake. Tulipofika themanini akasema, "Unaona?"

Nikaweka mkono kwenye usukani. Ulikuwa umetulia kabisa.

"Baba, simama kidogo pembeni," nikamwambia. "Zima injini."

Akazima. Mikono yake ilibaki kwenye usukani, nayo ilikuwa inatetemeka, wa kulia zaidi. Aliitazama.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Kazi yangu ni kuwaambia watu ubovu uko wapi, lakini huo sikutaka niwe mimi wa kuuona. Akashuka, akazunguka mbele ya lori, akapanda upande wa abiria. Nikaendesha hadi nyumbani. Hakushika usukani tena, na ugonjwa wenyewe daktari aliutaja kwa jina ambalo mama mpaka leo hawezi kulitamka.