Jiwe la Mama Mkwe

Anayetaka kutafuta visukuku huku kwetu asianze na nyundo, aanze na mvua. Baada ya masika kingo za makorongo ya Mtunda hukatika, na mashimo tunakochimba kifusi cha barabara huoshwa yakabaki mawe matupu. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini, maana wakati huo kila jiwe lina kivuli chake. Jiwe la kawaida halina mpangilio, lakini kipande cha mti uliogeuka jiwe kina nyuzi zinazokwenda upande mmoja, kama ubao uliorandwa vibaya. Muone kwanza mwenyekiti wa kijiji, kwani ardhi ya wote nayo ina wenyewe. Lililoko hifadhini usiliguse hata likikukonyeza. Piga picha kabla hujaliinua. Usivunje. Na zaidi ya yote, uliza jiwe limetoka wapi.

Mimi ni dereva wa tipa hapa Kibiti, sikuyasomea haya. Vijana wa machimboni huniita profesa, kwa kunikejeli, nami hujibu kama profesa kweli. Kutoa mawaidha nakuweza sana. Kuyafuata ndiko kulikonishinda, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Mama mkwe wangu anaishi Salale, huko kwenye delta. Kule ni tope, mikoko na mpunga. Jiwe hulioni hata la kusagia pilipili. Kwenda kwake ni kwa boti, nami nilikwenda kwa nadra, kwa sababu ya kazi na, nikisema kweli, kwa sababu ya ile heshima ya wakwe. Namwamkia kwa mbali nimeinama, yeye anaitikia akitazama pembeni, na mengine yote hupitia kwa mke wangu. Tangu nimuoe binti yake hatukuwahi kukaa mahali pamoja tukazungumza. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuona ubaya wake.

Mwaka jana, maji ya mafuriko yalipopungua, alitutumia gunia la mchele. Ndani yake mlikuwa na kitu kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwenye boti alikuwa ameagizwa maneno machache tu: mchele wa binti, jiwe la mkwe. Nikakifungua. Lilikuwa gogo zima lililogeuka jiwe, urefu wa mkono hadi kiwiko, rangi ya asali iliyoungua. Sijapata kuokota zuri namna ile.

Nilimwambia mke wangu apige simu aulize limetoka wapi, maana delta haizai mawe. Kabla hajapiga nikamzuia. Mtu kakutumia zawadi, nawe unamhoji kama askari wa barabarani? Tena mama mkwe? Nikasema ashukuru, basi. Akashukuru, na mama akajibu kwamba alhamdulillahi, kwenu huko ni juu, maji hayafiki. Tulidhani anazungumzia mchele.

Nusu ya jiwe ilikuwa na ukoko mweupe. Nikasema hii ni chumvi ya ardhini, nikausugua kwa brashi ya waya mpaka ukaisha wote. Sikupiga hata picha. Kisha hamu ikanishika ya kuziona pete za ndani, zile ambazo mti huongeza kila mwaka. Nikaliweka juu ya tairi kuukuu nikaligonga kwa patasi. Likakatika katikati, safi kabisa, na nikacheka peke yangu uani kama mwehu. Vipande vyote viwili nikaviweka dirishani, pete zikitazama mlangoni ili wageni wazione.

Miezi kadhaa baadaye mama alikuja Kibiti kutibiwa macho. Alipomaliza kunywa chai alimuuliza binti yake, lile jiwe mmeliweka wapi. Mke wangu akampeleka dirishani. Mimi nilikuwa nje nafunga boliti za tairi, nikaona mke wangu anakuja huku analia.

Akanieleza. Mama alizaa mtoto kabla ya mke wangu, wa kiume, akafariki hata hajaanza kutembea. Walimzika kando ya shamba lao. Baba wa mtoto akapanda mto mpaka upande wa Mloka, akarudi na jiwe ndani ya mtumbwi, akalisimamisha kaburini. Nusu ilikuwa ardhini, nusu juu, na ile ya juu mama aliipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Mafuriko yaliula ukingo pamoja na kaburi. Mama aliingia kwenye tope akalitafuta jiwe mpaka akalipata, na kwa kuwa kwake hapakubaki pakavu, akalituma kwangu nimtunzie. Mke wangu alilijua jiwe lile likiwa jeupe, limezikwa nusu, ndiyo maana naye hakulitambua.

 Niliingia ndani nikapiga magoti mbele ya mama mkwe wangu, mikono bado ina grisi, nikamwambia anisamehe, sikuuliza. Alikuwa amekaa mkekani, vipande viwili mbele yake. Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi nami sikusema," alisema. "Nipe lile la juu tu, mkwe wangu, lililokuwa na chokaa. Ndilo nililokuwa nalishika nikimwombea."

Nilivichukua. Nikakigeuza cha kwanza, nikakigeuza cha pili. Vyote viling'aa sawasawa kwa kazi ya brashi yangu. Punje ya chokaa haikubaki popote. Macho yake hayaoni vizuri, na alikuwa akinisubiri mimi niyaonee.

"Ni hili, mama," nilisema, nikampa kimoja.

Alikipitishia kiganja, akakifunga kwenye upindo wa kanga, akarudi nacho Salale. Mke wangu hajui kwamba nilibahatisha. Kipande kingine ninacho hapa nyumbani, na kila Ijumaa nikitoka msikitini naweka mkono juu yake namwombea yule mtoto, endapo ndicho.