Waridi Akataa Kutoka Butini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mtaani Kitisuru, miguu miwili yenye soksi za kijani inachungulia kutoka kwenye buti la Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Mwenye miguu yuko ndani, amelala chali, spana mkononi, anagombana na nati.

"Njoo, we mkaidi. Njoo kwa mama," anaibembeleza, kisha anaipulizia mafuta na kungoja. "Ukiivuta kwa hasira, inakatika. Hasira zangu mimi nawawekea watu."

Huyo ni Waridi Mabruki, mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Mombasa. Kazi yake ni kuitoa ile mikanda ya chuma inayong'aa kwenye magari ya zamani, ile inayopita ubavuni na kuzunguka vioo, kisha kuinyoosha na kuirudishia mng'aro wake. Mwandishi wa makala haya amekabidhiwa tochi na kuonywa asiitikise.

Leo Waridi ana haraka. Saa mbili lori linakuja kulichukua gari hili, likapakwe rangi upya katika gereji moja ya Kinoo. Gereji hiyo imesema mikanda itaiondoa yenyewe. Waridi amesema labda wamwondoe yeye kwanza.

Mikanda mingine yote imeshatoka. Imelazwa juu ya blanketi uani, kila mmoja umebandikwa utepe wa karatasi unaoonyesha ulikotoka. Umebaki mmoja tu, wa ubavu wa nyuma. Nati yake imejificha ndani ya buti na kutu imeikumbatia.

"Mkanda huu ni stenlesi," anaeleza. "Palipobonyea napagonga kwa nyuma polepole, napapiga msasa, panarudi. Lakini ukiuchokonoa kwa bisibisi na nati bado imeshika, unajikunja kama karatasi. Na karatasi ikishakunjwa, hata uipige pasi, alama utaiona tu."

Chuma alikijua tangu utotoni, kwa kusugua masinia ya shaba ya bibi yake kwa jivu na ndimu kila sikukuu ikikaribia. Nairobi aliletwa na ndoa. Mumewe, Abdulfatah, huuza klipu, nati na vipuri vya magari ya zamani katika duka dogo katikati ya jiji. Nyuma ya duka hilo ndipo Waridi alipofunga mashine yake yenye gurudumu la kitambaa, ile ya kung'arishia.

Mwanzoni wateja walimwona mwanamke amejifunga leso, wakadhani ni wa jikoni. "Waliniagiza chai," anasema. "Nikawauzia. Kwani chai yangu ina kasoro?"

Mkono wake wa kushoto una kovu refu. Siku moja gurudumu lilimpokonya mkanda na kuurusha, ukamchana. Alishonwa asubuhi, jioni akarudi kazini. Abdulfatah alinuna wiki nzima.

Lakini kovu linalomuuma si hilo.

Miaka miwili iliyopita gereji hiyo hiyo ya Kinoo ilimletea mkanda uliokwisha kung'olewa, umekunjika mara mbili. Akawaambia wazi kwamba hautarudi kuwa mpya. Wao wakaenda kumwambia mwenye gari, mzee aitwaye Kihara, kwamba mkanda umekunjwa na Waridi kwenye mashine yake. Kihara akaja dukani na kumtukana mbele ya wateja.

"Aliniita mharibifu. Mimi! Mbele ya mume wangu!" anasema, na spana inagonga bati. "Wenye gereji wakanishauri niombe radhi ili yaishe. Eti asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikawaambia mimi sikushindwa, nimesingiziwa."

Hakuomba radhi. Akajiwekea sharti moja: hapokei tena mkanda uliotolewa na mkono mwingine. Gari lije na chuma chake, atakitoa mwenyewe. Habari zikaenea kwenye gereji za Barabara ya Waiyaki kwamba huyo mama anaharibu vitu na ana kiburi juu yake. Kutoka magari manne kwa mwezi akabaki na moja, miezi mingine hata hilo halikupatikana. Nyumbani wakalazimika kuchagua kati ya kuuza friji na kuuza mashine.

"Friji ikaenda," anasema. "Maziwa tukawa tunanunua ya kunywa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekufa."

Saa mbili kasoro, lori linaingia. Anashuka Mwangangi, msimamizi wa mafundi wa gereji, na vijana wawili. Anaziona soksi za kijani na kushika kiuno.

"Mathe, sasa unafanya nini huko? Toka tupakie gari. Hii lori tunalipa kwa saa."

"Bado mkanda mmoja."

"Hiyo moja tutatoa sisi. Ni dakika mbili tu."

"Dakika mbili zenu nazijua," sauti inajibu kutoka butini. "Zimenila miaka miwili."

"Basi tutapandisha gari na wewe ndani!"

"Pandisheni. Mtanishusha Kinoo, na mkanda wangu mkononi."

Vijana wanacheka. Mwenye gari, Bi Hemlata, mfamasia mstaafu wa miaka 79, anatoka na sinia la chai. Gari hili alilinunua kwa mshahara wake mwenyewe mwaka wa 1972 na hajawahi kumwachia mtu usukani.

"Mwangangi, hii gari ya nani?"

"Ni yako, mum."

"Basi kunywa chai. Yeye akimaliza, utabeba."

Wanakunywa. Kikombe cha pili hakijaisha, nati inalia mlio mwembamba na kulegea. Waridi anatoka, leso imejaa kutu, anazunguka ubavuni na kuuchomoa mkanda kwenye klipu zake, moja baada ya nyingine. Umenyooka kama ulivyotoka kiwandani. Anampa Mwangangi aushike.

Mwangangi anaugeuzageuza. "Hii tungevuta, ingekunjika hapa," anasema.

"Kama ule wa Kihara."

Mwangangi anaulaza mkanda juu ya blanketi. Kisha anasema polepole, "Mathe, sisi tulijua. Mdosi alisema tunyamaze."

Waridi anatoa simu, anatafuta namba na kumnyooshea. "Mimi sina haja ya kuambiwa, nilikuwapo. Mwambie yeye."

Mwangangi anatazama lori, anatazama geti, anamtazama mwandishi. Si jambo dogo analoombwa. Mtu ana watoto, na ana bosi anayeweza kumfuta kazi. Vijana wake wameacha kucheka. Hatimaye anaipokea simu.

"Mzee Kihara? Habari ya asubuhi. Ni Mwangangi, wa gereji ya Kinoo. Ile mkanda ya gari yako, ile ilikunjika... haikuwa huyu mama. Ni sisi tulikunja, na bisibisi. Pole, mzee."

Simu inafoka kwa muda mrefu. Mwangangi anaivumilia, halafu anaifunika kwa kiganja. "Anataka kuongea na wewe."

"Mwambie anipigie kesho. Leo nina kazi."

Lori linapoondoka na gari, Waridi anajifuta machozi kwa mkono wenye grisi na kujipaka weusi hadi sikioni. "Miaka miwili nimeitwa mharibifu," anasema. "Alhamdulillahi. Wallahi, leo nitalala."

Mikanda ya Bi Hemlata itamchukua wiki mbili. Baada ya hapo atahamisha mashine kutoka nyuma ya duka la mumewe. Amekwisha kulipia kibanda chake mwenyewe huko Kinoo, na jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango. Kibanda chenyewe kinatazamana na geti la gereji ile.

Mbona pale, na Kinoo ni kubwa?

"Si kwa ugomvi," anasema huku akiukunja ukingo wa blanketi juu ya mikanda. Anafikiri kidogo. "Haya, ni kwa ugomvi. Lakini kidogo tu."