Siku Motoka ya Papa Ilipokubali Kushuka

Niko na miaka kumi na saba, na najua wakubwa watacheka nikisema "wakati wetu". Wacheke tu. Sisi tuliokulia mtaa wa Annexe, tuliomaliza shule ya msingi kabla telefone haijaingia mfukoni mwa kila mtoto, tuko na wakati wetu. Tulikuwa na baridi ya mwezi wa sita iliyopasua midomo. Tulikuwa na vitumbula vya moto vilivyofungwa ndani ya karatasi ya kaye, yaani daftari, ya mtu, unakula huku unasoma makosa yake ya diktee. Wavulana walipinda nyaya wakatengeneza vimotoka, na sisi wasichana tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likatufika magotini kama soksi.

Na kwetu, katikati ya lupango, ule uwanja wa nyumba yetu, kulikuwa na kitu ambacho hakuna jirani aliyekuwa nacho: motoka ya mbio. Nyekundu, milango miwili, usukani upande wa kuume kama zote zinazotoka Japani, na chini sana hivi kwamba kuku alipopita chini yake aliinamisha kichwa. Mashimo ya barabara yetu yaliua amortiseri zote nne, zile zinazopunguza mitikisiko kwenye magurudumu, ikabaki imesimama miaka miwili. Mama, ambaye ni mshonaji, alianika vitambaa juu yake.

Mwaka wa komunyo yangu ya kwanza, Mama alichoka nayo. Alitaka pale pajengwe chumba cha mashini zake. Akamwambia Papa mbele yetu, sahani za bukari, ugali wetu, ziko mezani:

"Kama siku ya komunyo ya Nanou iyi motoka haitembeye, Lundi, kesho yake, Vieux Maurice anakuya na mizani yake."

Vieux Maurice, yaani Mzee Maurice, ni jirani wetu wa ukuta, ananunua vyuma vikuukuu kwa kilo. Papa alitafuna tu. Mimi sikusema kitu, sikuwahi kusema kitu. Lakini nilitaka jambo moja: kushuka toka ndani ya ile motoka mbele ya kanisa, mimi ambaye hata katekista alikuwa anasahau jina langu.

Ndugu ya Papa aliyekuwa anafanya biashara kule mpakani Sakania alituma amortiseri nne pamoja na springi zake, ndani ya magunia ya mahindi. Jumamosi, siku moja mbele ya komunyo, tulianza na jua. Papa ni karani wa ofisi, si fundi, lakini pesa ya fundi ilikuwa imeishia kwenye kanzu yangu nyeupe. Akapandisha motoka kwa kriki, ile jeki ya kuazima, akaweka magogo chini. Nilikuwa naandika ndani ya kaye kila bulo, yaani bolti, ilitoka wapi. Moja ikakataa kabisa. Papa akavalisha kle, spana yake, bomba refu, yaya Mado, dada yangu mkubwa, akapanda juu ya bomba akarukaruka kama kwenye kamba. Kraa! Ikalegea. Tulipiga kelele kama watu wameshinda mechi.

Saa nane ya mchana zote nne zilikuwa ndani, kila bulo imekazwa kwa nguvu zote za Papa. Akatoa magogo, akashusha kriki.

Motoka haikushuka. Yaani magurudumu yaligusa udongo, lakini mwili ulibaki kule juu, na ukiisukuma inalia kwii, kwii, kama mlango wa zamani. Kichwa cha Vieux Maurice kikatokea juu ya ukuta.

"Papa Mado! Iyi haiko tena motoka, iko mbuzi juu ya jiwe!"

Papa alikaa juu ya ndoo, akafuta mikono muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwepo.

Mama akaniita ndani kupima kanzu. Nilikuwa nimekaa juu ya meza, miguu inaning'inia, na machozi karibu. Akanivuta chini.

"Simama muzuri! Kanzu banaipima muntu akiwa amesimama. Nikifunga pindo ukiwa unaning'inia pale, ukishuka itakuvuta pote."

Nikasimama. Halafu nikatoka mbio, pini zote zikiwa kwenye pindo, Mama nyuma yangu anapiga kelele. Nilifika mbele ya Papa, nikashika gurudumu.

"Papa, tulikaza bulo ikiwa inaning'inia. Ile mipira ambamo bulo zinapita imejikunja, inaizuia kushuka. Tulegeze, isimame na uzito wake, halafu tukaze."

"Eh! Nanou anasema!" yaya Mado akapiga makofi.

Papa aliniangalia, akaangalia gurudumu, akaniangalia tena. Akasimama. Tukaisukuma juu ya mbao nene ili aweze kuingia chini, akalegeza. "Uzito!" akaita. "Ingieni!" Yaya Mado akaingia. Mimi nikaingia, nimeinua kanzu. Na Mama, aliyeapa kwamba hatakaa tena ndani ya kile chuma, akaketi mbele, pini mdomoni. Motoka ikatoa sauti kama mtu anayevua viatu baada ya misa ndefu, ikashuka vidole vinne. Papa akakaza pale pale, tukiwa ndani.

"Vieux!" yaya Mado akaita kwenye ukuta. "Mizani upimiye viazi!"

Mama alimkemea, lakini alikuwa anacheka mpaka pini zikaanguka.

Jumapili tulipita barabara yote polepole, honi inalia, watoto wanakimbia nyuma yetu. Mbele ya kanisa Papa akazunguka mwenyewe kunifungulia mlango. Nikashuka, na kwa mara ya kwanza sikuangalia viatu vyangu.

Siku hizi kadogo wetu, Exaucé, ana miaka saba. Gurudumu la kimotoka chake likitoka anatafuta video, na video ikiisha amesahau gurudumu. Papa anafanya kazi mbali, Kolwezi, anarudi mwisho wa mwezi. Motoka ingali inatembea vizuri, hailii hata kidogo. Jumamosi lupango lote ni kimya, kila mtu na kioo cha telefone yake mkononi, hata mimi, nakubali. Hakuna tena kitu hapa nyumbani kinachohitaji uzito wetu wote kwa mara moja.