Lusia wa Nyarugusu, Aliyebeba Mimba Miezi Kumi na Minne

Alizaliwa Masumbwe mwaka 1984, mtoto wa wakulima wa mpunga, akabatizwa Lusia Mageni kwa kilio kilichomnyamazisha padri. Kwa sauti hiyo hiyo, alipohamia Nyarugusu kuosha mchanga wa dhahabu, kigango kilimkabidhi kwaya. Hakuolewa; alisema wanaume wa machimboni huoga siku ya kuuza dhahabu tu.

Mwaka 2021 tumbo lake likaanza kukua. Mwenyekiti wa kigango, Mzee Sostenes, akamtaka amtaje baba wa mtoto. Lusia akasema hayupo. Jibu hilo lilimshtua mzee, kwa kuwa Kanisa linamjua mmoja tu aliyewahi kupata mimba hivyo. Akamvua joho la kwaya, akaagiza asipewe komunyo. Lusia akahamia benchi la nyuma, akikonda, akitoka damu puani, hadi mimba ikatimiza miezi kumi na minne. Hapo jirani yake Bernadina, mama wa watoto saba, akampeleka hospitali. Hakukuwa na mtoto. Ulikuwa uvimbe wa bandama, ulioletwa na saratani ya damu. Daktari akauliza kwa nini amechelewa hivyo.

“Kigango kilisema nina mimba,” akajibu.

Alipewa vidonge. Daktari hakumficha: katika nchi tajiri wengi wenye ugonjwa huo hugunduliwa mapema, wakazeeka. Vidonge vikishindwa, angehitaji kupandikizwa uboho wa mifupa wa mtu anayelingana naye, na katika orodha za dunia za wanaojitolea kuutoa, watu weusi ni wachache mno. Lusia alidhani anataniwa.

Tumbo likapungua, kigango kikasema ametoa mimba. Jumapili hiyo akaenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Sostenes, ambaye ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba chini ya koti tangu Pasaka, akapiga goti.

“Shikamoo, baba. Na wewe ni mwezi wa ngapi?”

Wiki hiyo wawili hao wakapanda basi pamoja kwenda hospitali. Mzee alikuwa na ugonjwa ule ule.

Mwaka 2024 vidonge vikashindwa kumsaidia Lusia. Kaka yake hakulingana naye. Orodhani hakupatikana hata mmoja. Alifariki mwezi Machi, na Mzee Sostenes akamvika joho kwa mikono ile ile iliyomvua.

Muujiza unaokumbukwa ni kwamba mzee yu hai, anameza kidonge kila asubuhi, na huwasindikiza hospitali wanawake ambao matumbo yao yanasemwa. Tumuige. Fomu ikiuliza mgonjwa ameletwa na nani, yeye huandika: Sostenes, baba.