Salamu Kupitia Sufuria

Sogea unisikilize, nami nitakwenda polepole, maana jambo hili lilinichanganya na hadi leo sijalielewa lote.

Ilikuwa wakati wa korona, tulipoambiwa mwenye kikohozi asitoke nyumbani. Mke wangu alianza kukohoa, akajifungia chumbani, mimi nikahamia sebuleni. Chakula nilimwachia mlangoni. Mchuzi wa samaki aina ya sato anaoupenda kuliko wote aliurudisha, akisema ni maji ya moto tu. Nilionja mwenyewe nikaona una chumvi, una ndimu, una kila kitu. Nikabaki nimeshika bakuli, sijui nimwamini nani. Kisha sauti ikamkauka kabisa. Akitaka kitu, anagonga mlango.

Sisi tulikuwa Buswelu. Mama yake, mjane mwenye pumu, aliishi peke yake Mkolani, upande wa pili wa jiji. Kila asubuhi mama na binti walipigiana simu. Asubuhi ile sauti ilipokauka, simu ya mke wangu ilikuwa kwangu sebuleni, naichaji, kwa sababu soketi ya chumbani ilikuwa imeharibika. Ikaita. Mama mkwe.

Hapa nikueleze vizuri. Katika ukoo wetu mwanamume hasemezani na mama mkwe wake. Akija, napisha njia na kutazama pembeni. Hatuna ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Neno likiwepo, linapita kwa mke wangu. Lakini waliotuachia mila hiyo walikuwa wakikutana njiani, uso kwa uso. Kwenye simu je? Macho hayaonani. Nitakuwa nimemvunjia heshima, au nitamvunjia zaidi nisipopokea? Nikapokea, nikanyamaza.

Nilisikia kifua chake kikikoroma.

"Enyi kuta za nyumba hiyo," akasema mwishowe, "mwanangu ana nini?"

Nikaangaza huku na huku nipate nami kitu cha kusemesha, nisimsemeshe yeye. Mezani palikuwa na sufuria ya uji.

"Wewe sufuria," nikaiambia, "mwambie bibi kwamba mgonjwa amekunywa uji kidogo. Sauti tu ndiyo imekauka."

"Kuta, msinidanganye! Mtu mzima akose hata kuitika? Mnanificha. Natafuta bodaboda nije nimwone mwenyewe."

Nikasimama. Kwa kifua kile, aje kwenye nyumba yenye ugonjwa? "Sufuria, mwambie asije! Mwambie namwomba sana!"

Dirisha lilikuwa wazi. Jirani yetu, mama mmoja asiyepitwa na jambo, alikuwa anaanika dagaa ng'ambo ya ua.

"Shemeji! Unaisihi sufuria? Ugonjwa umepanda kichwani?"

"Naongea na mama mkwe!"

"Yumo humo ndani? Basi usiwashe jiko!"

Kwenye simu nikasikia sauti ndogo. Ilikuwa kicheko au kilio, sikuweza kutofautisha.

"Kuta, mwambieni huyo mama aendelee na kazi zake," mama mkwe akasema. "Mimi navaa viatu."

Nikaiacha sufuria mezani. Nikaiweka simu kwenye spika, nikafungua mlango wa chumbani kidogo, nikaisukuma sakafuni hadi karibu na mkeka wa mgonjwa. Nikaurudisha mlango, nikasimama nje.

"Mwanangu."

Nikatega sikio mlangoni.

"Mwanangu, ni mimi."

Ndipo nikasikia kijiko kikigonga kikombe cha bati nilichomletea uji. Ko.

Mama akavuta pumzi. "Gonga tena."

Ko, ko.

"Huo uji, huyo bwana ameutia sukari?"

Ko. Halafu mke wangu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Mama yake akasubiri hadi kikatulia.

"Haya," akasema. "Navua viatu."

Tangu hapo ikawa hivyo kila asubuhi. Mama anasimulia kuku waliotaga na jinsi alivyokosa kiberiti, binti anagonga kikombe. Mke wangu alipopata sauti nilimuuliza: kugonga mara moja kulikuwa ndiyo au hapana? Akanishangaa. Hawakuwahi kukubaliana. Sasa walielewana vipi? Naye hajui.

Baadaye, kutembeleana kuliporudi, mama mkwe alikuja. Nikapisha njia, naye akapita akitazama pembeni, kama zamani. Sikujua kama amenisamehe au kama palikuwa na kosa lolote la kusamehe.

Lakini hili moja nina hakika nalo, nalo ni rahisi. Mgonjwa wako akishindwa kusema, na mtu wake wa mbali anataka kumsikia, weka simu kwenye spika karibu na mkono wake. Mpe kijiko na kikombe cha bati. Kisha toka, ufunge mlango, uwaache.